Kazi Haihesabiwi Siku ya Kugawa Fedha



Katika vijiji vyetu, na katika miji mikubwa pia, ni vigumu kupata neno linalosemwa mara nyingi kuliko hili: vijana hawana kazi. Wazee hulisema barazani, akina mama hulisema kisimani, nasi walimu twalisema kwa uchungu zaidi, maana wale tuliowafundisha kusoma na kuhesabu twawaona wameketi kijiweni tangu asubuhi hata jioni. Tena kila linaposemwa neno hilo, hufuata la pili: Serikali na itoe fedha.

Neno hili la pili ndilo ninalotaka kulipima leo. Sisemi Serikali isitoe fedha. Imekwisha kutoa, tena kwa sheria. Nauliza tu, je, fedha ile ilizaa kazi? Na kama haikuzaa, kosa liko wapi, na litatengenezwaje?

Yafaa kwanza tujue fedha yenyewe ni ya nani na yatoka wapi, kwa kuwa watu wengi huiita "fedha ya Serikali" kana kwamba imeshuka kutoka mawinguni. Tangu miaka ya 1990 halmashauri za Tanzania Bara zilitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa ajili ya wanawake na vijana. Walakini nyingi hazikutenga, au zilitenga kidogo zilipojisikia. Mwaka 2018 Bunge likaibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, likatia kifungu cha 37A. Kwa kifungu hicho kila halmashauri, iwe ya jiji, ya manispaa, ya mji au ya wilaya, imepaswa kutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani. Sehemu 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Fedha hiyo hutolewa kwa mkopo, wala haina riba.

Basi tazama, mapato ya ndani ni kitu gani? Ni ushuru anaolipa mama auzaye nyanya sokoni. Ni ushuru wa mazao unaokatwa tunapouza korosho, kahawa au mahindi. Ni leseni ya mwenye duka. Kwa hiyo fedha hii haikutoka mbali. Imetoka katika vikapu vyetu wenyewe, ikapita mlango wa halmashauri, nasi twaikopa tena. Anayeipoteza haipotezi fedha ya mtu mkubwa asiyemjua. Aipoteza fedha ya jirani yake aliyeuza mafungu ya nyanya juani.

Nataka kuwa mwadilifu, nianze na wema wa sheria hii kabla sijataja kasoro. Wema wake ni mkubwa. Maskini hana hati ya nyumba wala ya shamba ya kuweka rehani benki. Akitaka mtaji, mara nyingi humwendea mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye mkopo wake watu wameupa jina la "kausha damu", nao hawakukosea kuuita hivyo. Mama hukopa kwa ajili ya biashara ya vitumbua, na kabla mwezi haujaisha amenyang'anywa kabati na godoro. Sheria iliyomwambia mtu wa namna hii, "Njoo ukope bila riba," ni sheria njema, nami sitaki msomaji yeyote afikiri kwamba naandika ili iondolewe.

Lakini sheria njema haileti matunda mema kwa kuandikwa tu. Mwaka 2023 taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 88 zilizokopeshwa vikundi hazikuwa zimerudishwa. Tena ilionekana kwamba baadhi ya vikundi havikuwako kabisa, ila majina tu katika karatasi, na vingine vilikuwako zamani lakini biashara zao zimekufa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Serikali ikasimamisha mikopo hiyo ili utaratibu utazamwe upya. Mwaka 2024 ikafunguliwa tena kwa njia mbili. Katika halmashauri 10 za kujaribia, fedha zilipangwa kupita benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Katika halmashauri nyingine zote fedha zilibaki mikononi mwa halmashauri zenyewe, pamoja na kamati za kuchunguza vikundi na kuvihakiki.

Habari hizo zilipotoka, watu walitoa hukumu mbili. Wa kwanza walisema, "Ni wezi." Wa pili walisema, "Vijana ni wavivu, hawataki kulipa." Sikatai; wezi wako, na wavivu wako, maana jina lisilo na mtu halikujiandika lenyewe katika daftari. Wezi na washitakiwe. Lakini hukumu hizo mbili haziielezi habari yote. Mwivi hawezi kueleza kwa nini kikundi cha watu kumi, watu wa kweli, wenye majina na nyumba, waliopokea fedha kwa mikono yao na kufanya kazi kwa bidii, baada ya mwaka mmoja hawana biashara wala fedha. Kikundi cha namna hiyo nakijua, tena nakijua vizuri kuliko nipendavyo, maana karatasi zake niliziandika mimi.

Miaka michache kabla ya mikopo kusimamishwa, alikuja nyumbani kwangu msichana mmoja niliyemfundisha darasa la saba. Sitataja jina lake wala la kijiji. Alikuwa ameolewa, ana mtoto mmoja, na alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake aliipata kwa jasho, kwa kuuza ufuta misimu miwili. Alishona sare za shule na magauni ya vitenge, na wateja hawakumkosa, hasa Januari na wakati wa Krismasi. Alitaka cherehani ya pili, na ya kudarizi, apate kuwafundisha wasichana wawili na kuwapa kazi. Akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Nimesikia halmashauri inakopesha bila riba. Naomba uniandikie."

Tukaenda pamoja kuuliza. Tukaelezwa kwa adabu kwamba mtu mmoja hakopeshwi; lazima awe na kikundi, kikundi kiwe na katiba, akaunti ya benki, na mradi mmoja wa pamoja. Tukauliza, je, wanawake kumi waweza kuungana, kila mmoja akafanya kazi yake? Tukajibiwa kwamba hiyo si mradi wa kikundi. Tukiwa twaondoka, mtu mmoja akatunong'oneza kwamba mwaka uliopita kikundi cha kuku kilipata fedha upesi. Basi mimi, mwalimu wa hesabu, nikaketi usiku na taa, nikaandika andiko la mradi la kuku wa nyama 300. Katika wanawake wale kumi, watatu walijua kushona, wawili waliuza samaki, mmoja alisuka, na waliobaki walilima. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kufuga kuku wa kisasa. Nililijua hilo, nikaandika hata hivyo. Sehemu hiyo ya lawama ni yangu.

Fedha ikaja, shilingi milioni 6. Siku ya kupokea kulikuwa na turubai na viti na hotuba, na hundi kubwa ya karatasi ya kupigia picha. Wanawake walivaa kanga za namna moja. Msemaji mmoja akasimama akasema kwamba leo katika kijiji hiki wanawake 10 wamepata ajira. Tukapiga makofi, na hesabu ile ikaandikwa katika taarifa: kazi 10.

Wakajenga banda, wakanunua vifaranga, chakula na dawa. Mafunzo waliyoyapata yalikuwa ya siku moja, nayo yalihusu namna ya kuandika muhtasari wa kikao na kurudisha mkopo. Juu ya kuku hawakufundishwa neno. Hata hivyo kuku walikua, maana wanawake wale walijitahidi. Taabu ikatokea mahali tusipopatazamia. Katika kata ile ile vikundi vingine viwili vilikuwa vimepewa fedha siku ile ile, navyo viliandikiwa mradi ule ule wa kuku wa nyama. Kuku wa vikundi vitatu wakafikia uzito wa kuuzwa katika wiki moja. Nani awale? Kijiji hula nyama ya kuku sikukuu, na hoteli za njia kuu zilikuwa na wachuuzi wao. Bei ikaanguka. Kuku wa namna ile akipita wiki sita hula kuliko anavyoongezeka. Kila siku ya kungoja mnunuzi ni siku ya kununua chakula. Wengine wakafa kwa joto na kubanana. Wengine wakauzwa kwa bei ya kutupa. Hapo kikundi kikaanza kugombana, na mweka hazina akasingiziwa maneno ambayo, kwa kuwa hesabu nilizikagua mimi, najua hayakuwa kweli.

Walirudisha shilingi milioni 1 na laki 9, kisha wakashindwa. Barua za kudai zikaja. Watu watatu wakahama kijiji. Yule fundi hakuhama. Alisema jina lake liko katika karatasi, na baba yake hakuwahi kudaiwa. Akaiuza cherehani yake, akapeleka sehemu yake benki, akaniletea stakabadhi nimtunzie. Tangu siku ile hukodi cherehani ya mtu mwingine huko senta, akilipa kwa kila nguo.

Sasa, msomaji, tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Daftari la taarifa lilisema: kazi 10 zimezaliwa. Tukihesabu katika kijiji mwaka mmoja baadaye: kazi zilizozaliwa, 0, kazi iliyokuwako nayo ikafa, 1. Fedha iliyotolewa ili kuleta kazi iliiondoa ile iliyokuwapo. Wala hapakuwa na mwivi. Hapakuwa na mvivu. Kila mtu alifanya aliloambiwa, na kila karatasi ilikuwa na mhuri.

Hapo ndipo naona shina la kasoro. Kosa letu ni kuhesabu kazi siku ya kugawa fedha. Siku ile hakuna kazi. Kuna fedha tu na matumaini. Mkulima hahesabu magunia siku ya kupanda. Lakini halmashauri hupimwa kwa neno moja: je, umetoa sehemu 10 katika 100? Ikishatoa, imetimiza sheria, na mkurugenzi hana lawama. Hakuna aulizaye baada ya mwaka, "Wangapi wanafanya kazi?" Na kwa kuwa haliulizwi, kila mtu hufanya lile linaloulizwa. Ofisi hutafuta vikundi vingi upesi kabla mwaka wa fedha haujaisha. Vikundi hutafuta mradi unaopita upesi mezani. Nami mwalimu huandika andiko linalopita. Hivyo hupatikana kuku mia tisa mahali penye walaji wa kuku mia.

Mtu ataniambia, "Lakini kikundi kina faida, kila mmoja humdhamini mwenzake, maana hawana rehani." Ni kweli, tena ni hoja nzuri. Walakini tofautisha mambo mawili: kudhaminiana, na kufanya kazi moja. Mama zetu wanalijua jambo hili zamani. Katika upatu na katika vicoba watu huungana, huaminiana, hulipana, na yule akosaye huaibika mbele ya wenzake. Lakini hakuna chama cha upatu kilichomwambia muuza samaki aache samaki akafuge kuku. Fedha hutoka kwa wote. Kazi hubaki ya kila mtu na ujuzi wake. Kwa nini halmashauri isijifunze hapo, kikundi kikawa mdhamini na kazi ikawa ya mwenye ufundi?

Wala msidhani kosa hili ni la vijiji tu, au la watu wasiosoma sana. Jiji kubwa la Dar es Salaam, lenye wahandisi na wahasibu, lilifanya kosa la jamaa moja na letu. Kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF, halmashauri ya jiji ilijenga huko Ilala jengo refu la ghorofa kwa ajili ya wachuuzi wadogo, wale waitwao machinga, likakamilika mwaka 2010. Nia ilikuwa njema: wachuuzi waondoke barabarani, wapate mahali pa heshima pa kufanyia kazi. Lakini mchuuzi huishi kwa miguu ya wapita njia, na mpita njia hapandi ghorofa kununua soksi. Wachuuzi wengi wakaliacha jengo, wakarudi barabarani waliko wanunuzi; vizimba vingi vikakaa vitupu miaka mingi. Deni lenyewe halikukaa kimya. Riba ikaliongeza hata likapita mara mbili ya fedha iliyokopwa. Hapo pia tulihesabu vizimba siku ya kufungua jengo, tukaviita kazi. Kizimba si kazi, kama banda la kuku lisivyokuwa kazi. Kazi ni mtu anayejua kutenda jambo, na mtu mwingine aliye tayari kulilipia.

Kwa kuwa nimelaumu, yanipasa nionyeshe mahali ambapo mambo yalitazamwa kwa njia nyingine. Jirani zetu wa kaskazini ya Uganda, baada ya miaka mingi ya vita, walipata mpango wa Serikali yao uliotangazwa mwaka 2006 kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia. Vijana waliambiwa wajiunge katika vikundi na kuandika wenyewe kazi wanayotaka kujifunza, fundi atakayewafundisha, na vyombo watakavyonunua. Serikali za wilaya ziliyapokea maombi hayo. Vikundi vilivyofaa vilikuwa vingi kuliko fedha, basi mwaka 2008 vikapigiwa kura ya bahati. Waliopata walipewa fedha ambayo, ikigawanywa, ilikuwa kama dola 382 za Marekani kwa kila mtu. Haikuwa mkopo, ilikuwa ruzuku, yaani wasirudishe.

Wengi walichagua ushonaji, useremala, uchomeleaji wa vyuma na ususi. Walinunua vyombo, wakalipa fundi wa kuwafundisha, na ingawa fedha ilikuja kwa kikundi, wengi wao walifanya kazi kila mtu kwa nafsi yake. Wataalamu watatu, Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez, wakawafuata waliopata na waliokosa, wakawahesabu. Baada ya miaka 4, waliopata walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa sehemu 38 katika 100, na saa zao za kazi zilizidi kwa sehemu 17 katika 100.

Lakini nitasema habari yote, maana nusu ya kweli hudanganya. Wataalamu wale walirudi tena baada ya miaka 9. Wakakuta wale waliokosa fedha wamewafikia waliopata. Kipato kilikuwa karibu sawa. Waliopata walibaki na vyombo zaidi, na wengi zaidi walikuwa na ufundi mkononi, lakini ile tofauti kubwa ya kipato ilikuwa imekwisha. Kumbe fedha haikuwapa maisha mapya milele. Iliwafikisha mapema mahali ambapo wenzao walifika kwa mwendo wa polepole. Hilo si jambo dogo kwa kijana mwenye watoto. Lakini ni pungufu sana kuliko maneno yanayosemwa chini ya turubai siku ya hundi.

Sitoi mfano huu ili tudai fedha ya bure. Mkopo ni mzuri zaidi kwetu, maana ukirudi humfaa mwingine, na dawa ya deni ni kulipa. Nautoa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kule vijana walianza na ufundi, fedha ikafuata. Kwetu fedha ilitangulia, ufundi haukufika. Ya pili, kule watu walirudi kuhesabu baada ya miaka 4 na baada ya miaka 9, hata hesabu ilipokuwa ya kuwavunja moyo. Je, sisi tumewahi kurudi hata baada ya miezi 12?

Hapo ndipo nina wasiwasi kidogo na utaratibu wa benki, ingawa nausifu. Benki itazuia vikundi vya karatasi, maana benki humtaka mtu aonekane kwa uso wake. Itadai fedha kwa wakati. Lakini benki nayo huhesabu fedha. Ikirudishiwa shilingi zake, imeridhika, hata kama mkopaji ameuza cherehani ili alipe. Katika vitabu vya benki yule mwanafunzi wangu ni mkopaji mwema asiye na kasoro. Tukihamisha sanduku kutoka ofisi moja kwenda nyingine, tukaacha hesabu ni ile ile, tutakuwa tumepunguza wizi. Kazi hatutakuwa tumeiongeza.

Basi tufanye nini, sisi watu wa vijijini tusio wabunge wala wakurugenzi? Yako mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kuuliza. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na kila mtu mzima ana haki ya kusema humo. Yasomwe majina ya vikundi vilivyokopeshwa katika kijiji chetu, na mbele ya kila jina liandikwe jambo moja zaidi: baada ya mwaka, wangapi wangali wanafanya kazi ile? Hilo halihitaji mtaalamu. Lahitaji daftari, kalamu, na mtu asiyeogopa kuandika sifuri. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari linaloandika kutoa peke yake ni nusu ya daftari.

La pili ni kutojiandikia uongo. Kabla kikundi hakijaandika mradi, kijiulize: nani kati yetu anaijua kazi hii kwa mikono? Nani atanunua, wapi, mwezi gani? Na je, majirani zetu wameandika kazi hiyo hiyo? Kama majibu hayako, basi wasikope bado. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mradi unaopita upesi mezani waweza kuanguka upesi uwanjani. Nasi walimu, makarani na wote tunaoombwa kuwaandikia watu, tukatae kuandika tusiloliamini. Ningalikataa usiku ule, huenda wanawake wale wangalinikasirikia mwezi mmoja. Lakini wasingalidaiwa miaka.

La tatu ni kulipa. Yako maneno yanayotembea kwamba fedha ya umma haina mwenyewe. Nimekwisha kuonyesha kwamba inaye: ni yule mama wa nyanya. Asiyelipa hamkomoi mkurugenzi. Amfungia mlango kijana anayemfuata.

Na kwa wenye mamlaka nasema kwa heshima: jambo hili la kuhesabu baada ya mwaka lingefaa liwe amri. Halmashauri isisifiwe kwa fedha iliyotoa mpaka imeonyesha kazi zilizodumu. Wenye ufundi waruhusiwe kuungana kwa ajili ya dhamana na kufanya kazi mbalimbali. Na fedha itoke kwa kufuata majira ya kazi yenyewe, isitolewe kwa haraka ya kufunga mwaka wa hesabu. Fundi wa sare ahitaji mtaji Oktoba, ili Januari awe tayari. Akipewa Juni kwa sababu sanduku linafungwa, ataila kabla wateja hawajaja.

Niliposikia kwamba mikopo imefunguliwa tena, nilidhani yule fundi hatataka hata kuisikia. Nilikosea. Alikuja jioni moja, mtoto wake sasa yuko darasa la kwanza katika shule yangu. Alikuwa na wenzake wanne, wote mafundi wa kushona, na wamekwisha kukubaliana na shule mbili juu ya sare. Nikamkumbusha yaliyompata. Akasema, "Mwalimu, sikushindwa kwa kukopa. Nilishindwa kwa kuku. Safari hii andika cherehani."

Nimeiandika hivyo. Kama itakubaliwa au itakataliwa, sijui bado. Lakini nimeandika katika daftari langu tarehe ya leo, na nafasi tupu chini yake kwa ajili ya tarehe kama hii mwakani. Siku hiyo nitakwenda kibandani kwao, sitauliza walipewa shilingi ngapi. Nitahesabu cherehani zinazozunguka, na watu walioketi mbele yake.

Wenu katika kazi ya kufundisha,
Mwalimu wa Kijijini